Daftari la Kuzimika

Jumatatu, saa moja kasorobo jioni. Imezimika.
Naandika kwa kalamu ya risasi, nyuma ya daftari la Sabra la hesabu,
maana mashine yenyewe siiamini tena
kuniwekea habari za kufa kwake.

Kioo kiligeuka buluu kwanza,
maandishi meupe yakanijia mbio mbio
kama mtu anayekata roho na bado ana wasia,
kisha giza, na ndani ya giza uso wangu
na miwani.
Barua za watu zilikuwamo: maombi ya kazi bandarini,
mkataba wa nyumba ya Kisauni,
shilingi hamsini kila ukurasa. Ndiyo unga wetu.

Jumanne. Fundi Menza kaja toka Mwembe Tayari,
bisibisi sikioni kama karani wa zamani.
Kasema virusi.
Akafuta kila kitu, akala mia nane, akala na mahamri yangu.
Jioni ikazimika vile vile,
safi, kama maiti aliyekwisha oshwa.

Jumatano nikaifungua mwenyewe.
Cherehani nimeifungua, stovu nimeifungua,
hili sanduku lina nini?
Lina vumbi la miaka sita. Skrubu zimeliwa na chumvi ya hewa.
Mayai mawili ya mjusi, meupe, kama tembe za kichwa.
Nikayahamishia dirishani; kosa si lao.
Memori nikaichomoa, nikaisugua meno kwa ufutio,
nikaikandamiza mpaka ikasema ka!
Ikawaka. Nikapiga kigelegele peke yangu chumbani.

Saa moja kasorobo.

Alhamisi, saa moja kasorobo.
Ijumaa, kasoro dakika kumi na mbili.
Jumamosi sikuigusa hadi saa mbili usiku,
ikakesha nami bila kukohoa.

Nikalisoma daftari kutoka juu hadi chini.
Ugonjwa gani huu uliovaa saa?
Homa haina miadi. Virusi havingoji adhana.

Jumapili nikakaa mbele yake, mikono magotini,
nikasikiliza.
Juu ya dari, mngurumo.
Taa ikafumba jicho, ikafumbua.
Mashine ikafa.

Pampu ya Shekuwe.
Maji ya mfereji hapa Bondeni huja kama mheshimiwa,
jioni, mara moja, na ana haraka,
na Shekuwe huyadaka kwa pampu
inayonyonya stima ya waya wangu na wake, waya mmoja.
Waya mmoja, na hatusemezani mwaka wa nne huu,
tangu ugomvi wa ngazi: nani afagie, nani apake chokaa.

Nikazipanda ngazi hizo hizo. Vidato kumi na saba, vichafu.
Sikusema neno, nikampa daftari.
Akatafuta miwani. Akasoma yote,
hata hesabu za Sabra za upande wa pili.
Akasema: "Pampu yangu imeungua mara mbili mwaka huu.
Kila ukipiga pasi.
Mimi tu sikuwa na daftari."

Nilitaka kucheka. Nikaangalia ndoo zake.

Basi tukapatana: yeye achote kwanza, ndipo mimi niwashe,
pasi nipige alfajiri, nguo zikiwa bado na umande.
Nikashuka na dumu la maji sikuliomba.

Jumatatu. Saa nne asubuhi. Pasi baridi. Pampu kimya.
Imezimika.

Lo! Kumbe maradhi ni mawili, moja lilimficha mwenziwe.
Nimetia sikio ubavuni: feni inakwaruza,
inazunguka nusu, inajifikiria.
Bati lina moto wa kuchomea mkate.
Natafuta bisibisi.

Na huku juu, mlango unalia,
sauti inashuka ngazini, ya kukwaruza nayo:
"Mama Sabra! Imezimika?"
"Imezimika!"
"Saa ngapi?"
"Saa nne!"
"Andika!"